Bori lenye kitovu: umbo la kichwa cha shisha na moshi wake

Mama mdogo alilipindua lile bori kiganjani mara mbili, akachungulia matundu yake kwa jicho moja, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, chungu kilichotoboka chini hivi utapikia nini?"

Tulikuwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Matema, siku ya Ijumaa. Vyungu vya gulio la kesho yake Lyulilo vilikuwa vimeshafungwa, vinasubiri mtumbwi. Mimi nilikuwa nimempelekea bori moja la Kimisri nililorudi nalo kutoka Dubai, nimelifunga ndani ya soksi, na ombi langu lilikuwa anifinyangie mengine kumi, lakini yasifanane. Jingine liwe jembamba na refu ndani, jingine pana kama sahani, jingine liwe na bomba dogo limesimama katikati. Hilo la mwisho alilicheka sana. Akaliita chungu chenye kitovu, na tangu siku hiyo sijawahi kuliita kwa jina lingine.

Bori ni neno letu la zamani, sikulitunga mimi. Watu wa pwani walikuwa na kiko cha maji muda mrefu kabla ya neno shisha kufika kwenye baa za Mbeya. Juu kulikuwa na bori la udongo lenye tumbaku, chini yake digali, yaani ule mrija wa kushusha moshi, halafu kiko chenyewe, chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi au kibuyu, na shilamu ndiyo iliyokwenda mdomoni. Hata ile sauti ya maji kubwabwaja ilikuwa na jina: malio ya kiko. Siku hizi wengi husema kichwa. Sawa tu, lakini mimi nitasema bori.

Niseme na hili mapema ili tusije kulaumiana. Hapa kwetu shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, kwa hiyo siandiki ili ufungue kijiwe Mwanjelwa, pale Mbeya. Nawaandikia vijana wetu waliojaa kwenye mikahawa ya Ghuba, ambao kazi yao ya kila usiku ni hii na hakuna aliyewafundisha zaidi ya kuambiwa "jaza, weka mkaa, peleka". Nawaandikia pia wafinyanzi, maana kuna siku mteja wa nje atakuja na picha kwenye simu na kuuliza bei.

Mimi nilikaa Deira, Dubai, miaka mitano katika kazi hiyo. Kwa usiku mmoja nilijaza mabori thelathini, arobaini. Malalamiko ya wateja yalikuwa yale yale: imeungua, haitoi moshi, ina ladha ya mkaa, imekufa mapema. Bosi alikuwa na dawa moja tu: badilisha mkaa. Tukabadilisha mkaa usiku kucha. Mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba meza zilizolalamika sana ni zile zilizopelekewa mabori ya aina moja na tumbaku ya aina moja. Mkaa wala haukuwa na kosa. Tulikuwa tunatia mchuzi kwenye chujio.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo watu wasiloliona. Unaujua wali wa kupalia. Maji yakikauka unapunguza moto wa chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Bori ni sufuria iliyopaliwa ambayo haina moto wa chini kabisa. Joto lote linatoka juu, kwenye makaa yanayokaa juu ya foili iliyofunika mdomo wa bori. Foili ikipata moto inaipasha tumbaku iliyo karibu nayo, na kila mtu anapovuta, hewa iliyopita kwenye makaa inaingia kwenye vitundu vya foili ikiwa ya moto na kupenya katikati ya majani. Tumbaku ya shisha Waarabu huiita muasali, yaani iliyotiwa asali, neno lile lile letu. Haitakiwi kuungua. Inatakiwa kuokwa mpaka gliserini yake itoe mvuke. Lile wingu jeupe zito ni mvuke wa gliserini uliopoa ukawa matone madogo mno. Ukiona moshi umegeuka wa kijivu na unakwaruza koo, ujue majani yameanza kuungua kweli.

Kwa hiyo ukishika bori, achana kwanza na urembo. Tazama hewa itapita wapi, halafu tazama majimaji yatakimbilia wapi.

Sasa nilivyoyajaribu yale ya mama mdogo. Mimi sivuti tena, nitaeleza mbele kwa nini, na tumbaku ya shisha sikutaka kuwa nayo nyumbani. Nikachukua majani ya chai makubwa makubwa kutoka Tukuyu, nikayalowesha usiku kucha kwa gliserini ya duka la dawa, ile tunayopaka midomo Juni na Julai ikipasuka kwa baridi, na asali kidogo. Bori halijui kama ndani yake kuna chai au tumbaku. Kuvuta nako nilikuachia maji. Chukua dumu la plastiki linaloonyesha ndani, la lita 5, lijaze maji. Toboa kifuniko, pitisha kipande cha bomba, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka hewa isipite, kisha kaza bori juu ya bomba hilo. Toboa tundu dogo pembeni karibu na kitako cha dumu na ulizibe kwa kijiti. Ukichomoa kijiti, maji yanatoka chini na hewa inavutwa kupitia bori. Nusu lita ya maji ni kama mvuto mmoja wa mtu mzima. Zuri zaidi ni kwamba moshi unauona kwa macho ukijaa ndani ya dumu, na maji yaliyobaki yanakuambia kilichodondoka.

Bori la Kimisri ni lile la kawaida, kama kikombe chenye matundu manne au matano kwenye sakafu yake. Tumbaku inakaa moja kwa moja juu ya matundu. Hewa inashuka wima, inapita kwenye majani yote, kwa hiyo linavutika kwa wepesi na moshi unakuja mapema. Ubaya wake niliuona kwenye dumu. Baada ya kama dakika kumi na tano maji yalianza kubadilika, na mwisho yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ule mchuzi wote wa gliserini na asali, ambao ndio moshi wenyewe, ulikuwa umeshuka chini. Juu majani yamebaki makavu, na makavu huungua. Ndiyo maana mteja wa saa nane usiku anasema imekufa mapema. Kwenye shisha halisi mchuzi huo unashuka kwenye digali, unaganda, na kesho yake ladha ya jana inakutana na ya leo.

Je, ni bori baya? Hapana. Kwa tumbaku kavukavu, ya majani mapana, isiyo na mchuzi mwingi, hilo ndilo lake. Jani lenyewe linaziba matundu nusu, linaacha hewa, na hakuna cha kudondoka. Kosa ni kulitilia ile tumbaku mpya iliyosagwa laini, inayoogelea kwenye sharubati. Ukilazimika, tandaza kwanza majani makubwa machache juu ya matundu kama unavyotandika majani ya mgomba chini ya ndizi sufuriani, halafu ndiyo uweke hiyo laini. Na usishindilie.

Lenye kitovu, ambalo wengine huliita faneli, sakafu yake ni nzima. Katikati limesimama bomba fupi lenye tundu moja juu. Tumbaku inakaa kulizunguka kama maji yanavyozunguka kisiwa. Mvuke hauwezi kushuka wima. Unapanda, unavuka ukingo wa kitovu, ndipo unashuka. Mchuzi unabaki pale pale chini ukiendelea kuchemka. Dumu la lenye kitovu lilibaki na maji meupe mpaka mwisho, na moshi mweupe ulidumu zaidi ya mara mbili ya ule wa Kimisri, kwa kiasi kile kile cha majani. Nililirudia jaribio hilo mara nne kwa sababu sikuamini.

Lakini kitovu kina masharti yake, na hapa ndipo mama mdogo na mimi tulipobishana kwa wiki tatu. Mabori matatu ya kwanza aliyafinyanga kitovu kikiwa kirefu kuliko mdomo wa bori, kwa sababu machoni pake kilipendeza hivyo. Nikaweka foili, ikakaa juu ya kitovu kama kofia. Tundu likazibwa. Unavuta, hakuna kitu. Akashusha kitovu kikawa sawasawa na mdomo. Bado. Foili ikibeba makaa inalegea katikati, inabonyea na kuziba tundu lile lile. Safari ya tatu akakishusha sana, na sasa majimaji yalipochemka yakaruka ukingo na kumwagikia ndani ya bomba. Tumerudi kwenye Kimisri kwa njia ndefu. Kilichofaa mwishoni ni kitovu kilicho chini kidogo ya mdomo wa bori. Yeye hapimi kwa rula. Anaweka kidole chake kidogo kilalie juu ya kitovu na anataka ubavu wa kidole uwe sawa na mdomo. Ni kipimo kizuri kuliko changu.

Tundu la kitovu lisipungue sentimita moja. Likiwa dogo utavuta mpaka mashavu yaingie ndani. Na pale kitovu kinapokutana na sakafu, kusiwe na kona kali. Kwenye kona majani yanajificha mbichi, hayafikiwi na hewa, yanatoka mwisho kama yalivyoingia. Mama mdogo alizungusha gunzi la mahindi pale chini udongo ukiwa mbichi, akaacha mviringo laini. Nikamwambia ndaga sana, yaani asante, akaniambia niache kusimama kwenye mwanga wake.

Kuna na lenye kitovu kilichofungwa juu, matundu yako ubavuni. Linavutika kwa uzito kidogo, na ukijaza ovyo majani yanaziba matundu ya ubavu. Kwa mgeni wa kazi silipendekezi.

Lile pana kama sahani lilitoa moshi mzito haraka kuliko yote; dakika mbili tu dumu limejaa. Tabaka ni jembamba, joto linafika chini mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo halisameheki: ukichelewa kuzungusha makaa, limeungua. Lile jembamba na refu ndilo lililonifundisha zaidi. Ndani lilikuwa na kina cha sentimita nne. Juu majani yalikuwa meusi kama mkaa, chini nikayatoa yana asali na harufu yake kamili. Joto la juu halisafiri mbali. Wali unaopaliwa juu tu, bila moto wa chini, ukiwa sufuria nzima hauivi. Ukiwa vidole viwili unaiva. Kwa bori kina cha sentimita mbili hadi mbili na nusu kinatosha, mdomo ukiwa na upana wa sentimita saba hivi. Hapo inaingia kama gramu 15 hadi 20 za tumbaku. Kinachozidi hapo unamlipisha mteja kitu atakachokitupa.

Kujaza kunafuata umbo, hakuna namna moja. Lenye kitovu: chambua tumbaku kwa vidole mpaka isiwe na madonge, inyunyize ianguke yenyewe, iache chini ya mdomo kwa unene wa sarafu, na futa kitovu kisiwe na jani hata moja juu yake. Foili ivutwe ikaze kama ngozi ya ngoma. Toboa vitundu kwa kijiti cha meno kwa mizunguko, ukianzia pembeni, lakini usitoboe juu ya kitovu. Nimeona watu wazoefu wakitoboa pale. Hewa ya moto inashuka moja kwa moja kwenye tundu bila kugusa majani, na mteja anavuta joto tupu lenye harufu ya mkaa. Ni sawa na kumpa mgeni maji ya moto ukamwambia chai. Makaa nayo yakae ukingoni, vipande vitatu vya mkaa wa vifuu vya nazi, vilivyowaka mpaka vimevaa majivu pande zote, na uvizungushe kila baada ya muda. Kwenye Kimisri unaweza kutoboa uso wote, kwa sababu chini yake kote kuna majani.

Unene wa ukuta wengi hawaujali. Bori jembamba linapata moto haraka na kupoa haraka. Nje ya nyumba yangu, upepo wa jioni ukishuka kutoka mlimani, la udongo mwembamba lilipoa kila nilipogeuka. La ukuta mnene lilichelewa kuamka, dakika tano nzima zaidi, lakini likishika moto halikujali upepo. Kwa kibaraza cha wazi chukua nene.

Udongo usiopakwa kioo, yaani ule mng'ao unaoziba vitundu vya udongo, kama huu wetu unaochomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, unakunywa. Lile la kwanza lilikunywa gliserini yangu mpaka ubavuni kukatoka jasho. Tiba yake ni ile ya chungu kipya cha maharage: lichemshe ndani ya uji mwepesi, uliache lipoe humo humo, futa, kausha juani siku mbili. Usilioshe kwa sabuni, litakupa sabuni siku ya pili. Na kila ladha iwe na bori lake. Lililoonja mnanaa litabaki la mnanaa. Ukitaka moja la kila kitu, nunua lililopakwa kioo.

Hasara yangu kubwa ilikuwa shingo. Nilimpa mama mdogo kipimo kamili cha digali, nikijiona fundi. Udongo hunywea ukikauka, hunywea tena ukichomwa. Mabori saba kati ya kumi yalirudi na shingo inayobana, hakuna hata moja lililoingia. Sasa namwagiza akuze shingo kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kinachobaki kinazibwa na mpira. Jaribu hivi kabla ya kuweka mkaa: funika mdomo wa bori kwa kiganja, vuta. Ukipata hewa yoyote, inatoka mahali pasipotakiwa, na hapo umbo lolote zuri halitakusaidia.

Nimesema sivuti. Kule Deira kila bori ulilivuta mara tatu nne kuliamsha kabla ya kulipeleka mezani. Zidisha kwa arobaini, zidisha kwa usiku. Usiku mmoja, jikoni kumefungwa kwa sababu ya kiyoyozi na jiko la kuwashia makaa likiwa limejaa, nilishika ukuta nikakaa chini bila kupanga. Kichwa kilikuwa kinagonga, nataka kutapika. Ilikuwa hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu huku kwetu wanapoingiza jiko chumbani miezi ya baridi. Haina harufu. Maji ya shisha hayaichuji. Maji yanapoza moshi tu, na moshi uliopoa unaingia ndani zaidi kwa sababu haukwaruzi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuandika kwamba kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Hapa umbo linahusika pia: bori pana linabeba makaa manne matano badala ya mawili matatu, na makaa ndiyo yanayotoa hewa hiyo. Kijana uliye kazini, amsha kwa pampu ya mkono badala ya mapafu yako, na fungua mlango wa jikoni hata bosi akinuna.

Yale mabori saba ya shingo nyembamba nilimwachia mama mdogo, maana kuyabeba mpaka Mbeya ilikuwa kazi bure. Miezi miwili baadaye akanipigia simu. "Vile vyungu vyako vya kitovu, nikumbushe kipimo. Kuna mama kutoka Tukuyu anataka sita."

"Anapikia nini?" nikamuuliza.

"Anasimamisha mshumaa kwenye kitovu umeme ukikatika. Anasema nta yote inabaki pembeni, haimwagiki mezani."